Kudumu Katika Maombi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya maombi huulizwa karibu kila juma, mara nyingi si kanisani penyewe bali nje ya mlango baada ya ibada, au kwa simu usiku. Majibu yameandikwa kwa ajili ya Wakristo wa madhehebu yote, na pale ambapo madhehebu yanatofautiana tumesema hivyo. Majina ya vitabu vya Biblia na nukuu chache zilizomo zimefuata Union Version.

Kudumu katika maombi ni nini hasa?

Ni kumrudia Mungu kwa jambo lile lile, siku baada ya siku, bila kulificha wala kulitupa, mpaka lijibiwe, au ligeuke moyoni mwako likawa ombi jingine, au Mungu mwenyewe alifunge. Hayo mawili ya mwisho husahaulika katika mahubiri mengi, nasi tutayarudia hapa chini.

Kudumu si urefu wa sala moja. Mtu anayesali dakika kumi kila alfajiri kabla ya kuwaamsha watoto, akafanya hivyo mwaka mzima, amedumu kuliko yule aliyekesha usiku mmoja mpaka sauti ikamkauka, kisha asilitaje tena jambo lake.

Ikiwa Mungu anajua haja yangu kabla sijaomba, kwa nini nirudie?

Yesu alisema wazi katika Mathayo 6:8 kwamba Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba, na mara tu baada ya kusema hivyo akawafundisha wanafunzi sala ya Baba Yetu, ambayo ndani yake wanaomba riziki ya siku, yaani ombi ambalo kesho itawabidi kuliomba upya. Kwake, basi, ujuzi wa Mungu haukuwa sababu ya kunyamaza.

Swali hili liliulizwa zamani sana Afrika ya Kaskazini. Baada ya Wagothi kuuteka mji wa Roma mwaka 410, mjane tajiri aitwaye Proba alikimbilia Afrika, akamwandikia Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria, akitaka kujua namna ya kuomba. Augustino alimjibu kwamba Bwana hahitaji kupewa habari za haja zetu, bali anataka hamu yetu izoezwe kwa kuomba, ili tuweze kukipokea anachotuandalia, kwa maana kipawa chenyewe ni kikubwa na nafasi yetu ya kukipokea ni ndogo.

Anayedumu huliona jambo hilo likitokea bila kufundishwa na mtu. Mzazi huanza kwa kuomba kijana wake afaulu mtihani wa kidato cha nne. Baada ya miezi kadhaa anajikuta anaomba kijana asijione si kitu hata akifeli, na baadaye tena anaomba yeye mwenyewe aache kumlinganisha na mtoto wa jirani. Ombi la kwanza halikuwa baya, lakini ni vigumu kulifikia la tatu kwa kuomba mara moja tu.

Je, mfano wa mjane na kadhi unamaanisha kwamba Mungu hujibu kwa sababu amechoshwa?

Hapana, na kosa hili ndilo lililoharibu mafundisho mengi kuhusu maombi. Katika Luka 18:1-8 Yesu hamfananishi Mungu na kadhi dhalimu. Anamweka upande wa pili kabisa. Hoja yake ni ya "sembuse": ikiwa hata mtu asiyemcha Mungu wala kujali watu hatimaye alimpatia mjane haki yake, sembuse Mungu, ambaye anawapenda wateule wake wanaomlilia mchana na usiku?

Mjane wa mfano huu hakuwa na mume wa kumsemea, na katika habari nzima hatuoni rushwa wala mtu mkubwa wa kumtetea. Alichokuwa nacho ni miguu yake ya kumfikisha pale kila siku. Msomaji wa Tanzania au Kenya hana haja ya kusafiri mbali kumwona: ni yule mama aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mara tu baada ya arobaini, anayeketi kwenye benchi nje ya baraza la ardhi akiwa na bahasha ya kaki yenye cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kijiji, akaambiwa kwamba faili halionekani na arudi Alhamisi. Alhamisi anarudi.

Alichoomba mjane huyo ni haki. Si dhambi kuomba gari au viza ya kusafiri, lakini mfano huu haukutolewa kwa ajili hiyo. Sura ya 17 inamalizika na habari za siku za Mwana wa Adamu, na mfano wenyewe unafungwa kwa swali kwamba atakapokuja, je, ataiona imani duniani? Kinachopimwa ni kama watu walioonewa wataendelea kumwamini Mungu wakati haki imechelewa. Kwa hiyo mhubiri anayeutumia mfano huu kuhimiza watu "wamsumbue Mungu" mpaka awape utajiri ameuondoa mahali pake.

Tena, mjane alikwenda kwa kadhi. Anayemlilia Mungu juu ya shamba lake na aendelee pia kulifuatilia faili.

Na yule rafiki wa usiku wa manane?

Katika Luka 11:5-8 mtu anabisha mlangoni mwa rafiki yake usiku, akiomba mikate mitatu, naye anapewa kwa sababu haachi kuomba. Jibu ni lile lile la kadhi, yaani Baba ni mwema kuliko rafiki huyo aliyekwisha kulala. Linalostahili kuongezwa ni hili tu, kwamba mikate haikuwa yake. Alikuwa amefikiwa na mgeni, na pengine asingekuwa na ujasiri wa kubisha saa ile kwa ajili ya njaa yake mwenyewe.

Yesu alikataza kupayuka-payuka. Je, kurudia sala ile ile si kupayuka?

Kinachokatazwa katika Mathayo 6:7 ni kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Sura ya 18 ya 1 Wafalme inaonyesha tofauti vizuri. Manabii wa Baali waliita tangu asubuhi mpaka adhuhuri na kuendelea, wakajikata-kata kwa visu, na sala ya Eliya ya kuomba moto ikatosha katika mistari miwili. Lakini baadaye, katika sura hiyo hiyo, Eliya aliinama juu ya Karmeli akiomba mvua, akamtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari mara saba, mpaka kikaonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Kurudia kulikuwapo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Eliya alijua anazungumza na nani, na hakuhitaji kujiumiza ili asikiwe.

Bwana mwenyewe, kule Gethsemane, aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale, kama Mathayo 26:44 inavyosema. Kwa sababu hiyo si vyema Mlokole amhukumu Mkatoliki kwa rozari yake, au Mkatoliki amcheke Mpentekoste anayerudia "Bwana, tusaidie" robo saa nzima, au wote wawili wamshangae Mworthodoksi anayesema kimya kimya siku nzima, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi." Katika barua ile ile kwa Proba, Augustino aliwataja ndugu wa Misri waliokuwa wakiomba sala fupi mno, lakini mara nyingi, ili usikivu wao usififie kwa kuvuta maneno. Ushauri huo bado unafaa: ukiona akili imekwenda sokoni nawe unaendelea kutamka, nyamaza kidogo, kisha sema sentensi moja unayoimaanisha.

Nimefundishwa kwamba kuomba jambo mara ya pili ni kukosa imani, na kwamba baada ya kuomba mara moja yanibidi kushukuru tu. Je, ni kweli?

Fundisho hilo hujengwa juu ya Marko 11:24, kwamba tuamini tumeyapokea tuliyoyaomba. Kushukuru kabla ya kuona ni jambo jema, wala hatumzuii mtu. Lakini mstari mmoja hauwezi kufuta mingine yote. Paulo alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba wake, yaani udhaifu uliomtesa mwilini. Bartimayo kipofu, watu wengi walipomkemea anyamaze, alizidi kupaza sauti, na Yesu akasema imani yake imemwokoa. Huko Bethsaida kipofu mwingine aliwekewa mikono mara ya kwanza akaona watu kama miti inayotembea, akasema hivyo waziwazi, naye akawekewa mikono tena.

Madhara ya fundisho hili huonekana polepole. Muumini huanza kuogopa kuyataja maumivu yake mbele za Mungu, anajibu "nimepona kwa jina la Yesu" huku amejishika kiuno, na mwishowe hana mahali popote pa kusemea ukweli. Afadhali aombe mara mia.

Nimeomba miaka mingi sijapata. Je, imani yangu ni ndogo?

Biblia inataja sababu kadhaa zinazoweza kuzuia maombi, na mtu mwaminifu atajichunguza. Yakobo 4:3 inazungumzia kuomba vibaya, ili tuvitumie kwa tamaa zetu. Waraka wa 1 Petro 3:7 unawaonya waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, ili kuomba kwao kusizuiliwe. Andiko hili, kwa sababu ambazo wanaume wa kanisa wanazijua, halisomwi sana katika semina za maombi.

Ila baada ya kujichunguza, mtu asiendelee kujichimba bila mwisho. Hana, aliyekuwa akitamani mtoto, alikwenda Shilo na mumewe Elkana mwaka baada ya mwaka, Penina mke mwenzake akimchokoza, wala hakuna mstari unaosema kwamba alikuwa na kosa. Aliyekosea siku ile ni kuhani: Eli alimwona anatikisa midomo bila sauti, akadhani amelewa. Gethsemane nako aliomba Mwana asiye na dhambi, na kikombe cha mateso hakikuondolewa. Baada ya hapo hakuna mwenye haki ya kusema kwamba kila asiyepata alichoomba ana upungufu wa imani.

Tungependa kusema neno juu ya wanawake ambao hawajapata mtoto, kwa kuwa wao ndio huumizwa zaidi na jambo hili. Katika makanisa mengi, kila mkesha huitwa mbele, huwekewa mikono hadharani, huulizwa mwezi unaofuata kama "kuna habari", na wasipokuwa nayo hutazamwa kana kwamba wameliangusha kanisa. Kiongozi mwenye upendo hamwiti mbele mtu ambaye hakuomba kuitwa, na pale mke anapoombewa, mume naye asiachwe amekaa kitini kana kwamba jambo halimhusu.

Nitajuaje kwamba umefika wakati wa kuacha kuomba jambo fulani?

Wengi huulizia swali hili kwa aibu, wakidhani kuacha ni kushindwa. Katika Kumbukumbu la Torati 3 Musa anaeleza jinsi alivyomsihi Mungu amruhusu kuvuka Yordani aione nchi njema, naye akajibiwa, "Na ikutoshe, usinene nami zaidi juu ya jambo hili." Akapelekwa kilele cha Pisga aitazame kwa macho, na aliyevuka ni Yoshua. Paulo, baada ya mara tatu, aliambiwa kwamba neema yamtosha, na tangu hapo anauzungumzia udhaifu ule kwa namna nyingine kabisa. Daudi alifunga na kulala chini siku saba akimwombea mtoto wake mgonjwa. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akala, na watumishi wake wakashangaa.

Hao watatu waliacha kwa sababu tatu tofauti: mmoja aliambiwa aache, mwingine alipewa kitu kingine badala yake, na wa tatu aliona jambo limekwisha. Sisi tulio wengi hatusikii sauti kama ya Musa. Kwetu dalili huwa za kawaida zaidi. Mtu uliyemwomba Mungu akuoe amefunga ndoa na mwingine. Hapo ombi limekwisha, na kuendelea kuomba ndoa yao ivunjike ni dhambi. Au moyo wenyewe umetulia bila kulazimishwa, na unapolitaja jambo lile hupati tena msukumo. Kama huna dalili yoyote na jambo bado linakuuma, endelea. Kosa la kuomba miezi sita zaidi ya ilivyohitajika ni dogo, na halijawahi kumdhuru mtu kama lile la kulazimisha moyo ukubali kabla ya wakati wake.

Namwombea mwanangu ambaye hataki kusikia habari za Mungu. Nifanyeje?

Kanisa limewapa wazazi wa namna hii Monika wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Mwanawe Augustino, yule yule wa barua kwa Proba, alizaliwa mwaka 354, na ujanani alijiunga na Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, akakaa nao karibu miaka tisa. Monika alimwendea askofu mmoja, akimsihi abishane na kijana wake. Askofu alikataa: akasema kijana bado hafundishiki, aachwe, na mama aendelee tu kumwombea. Monika hakukubali kuondoka. Alizidi kulia mpaka yule askofu, akiwa ameanza kuchoka, akamwambia aende zake, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee.

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma. Mama alimng'ang'ania pwani pale Karthago, naye akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Monika alilala usiku ule katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano karibu na bandari, akiomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri, na asubuhi merikebu ilikuwa imeondoka. Ombi la usiku ule lilikataliwa. Lakini safari ile ndiyo iliyomfikisha Milano, alikomsikia askofu Ambrosi, na ndiko alikobatizwa Pasaka ya mwaka 387, mama yake akiwapo. Miaka mingi baadaye Augustino aliandika kwamba Mungu hakumpa mama alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote.

Ushauri wa yule askofu ndio mgumu kuutii. Mzazi anayemwombea kijana mlevi mara nyingi huigeuza kila sahani ya ugali kuwa mahubiri, na kijana huanza kula kwingine. Mahubiri yapunguzwe, sahani iendelee kuwekwa. Pia hatuwezi kuahidi kwamba kila mwana wa machozi atarudi wakati mzazi yu hai. Mungu hamburuti mtu. Asitokee mtu msibani akamwambia mzazi aliyempoteza mtoto kwamba hakuomba vya kutosha.

Je, kufunga, mkesha na sadaka maalumu huharakisha majibu?

Kufunga na kukesha humsaidia anayeomba aelekeze moyo wake, na ni desturi ya Kanisa tangu mwanzo. Hakumlazimishi Mungu. Mwenye kisukari, mjamzito na anayetumia dawa zinazohitaji chakula waulize kwanza kituo cha afya. Kuhusu mtu anayetaka fedha ili ombi lako lifike haraka, au anayekuuzia mafuta, maji au kitambaa kwa ajili hiyo: usimpe.

Naombea uponyaji. Je, kuendelea na dawa ni kutoamini?

Hapana. Mfalme Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, Mungu akamwahidi miaka kumi na mitano, na nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Dawa za VVU, kifua kikuu, shinikizo la damu na kifafa haziachwi kwa neno la mhubiri yeyote. Kama unaamini umepona, kapimwe, na daktari ndiye akuambie kama utaziacha.

Nimechoka, sina hata maneno. Nifanye nini?

Zaburi ya 88 inaanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku na inaishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Isome kwa sauti iwe sala yako. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, maana yake hata kuketi kimya mbele za Mungu ukiugua kunahesabika.

Tena si lazima mtu mmoja abebe jambo peke yake. Mikono ya Musa, aliyoiinua wakati Israeli wakipigana vita, ilipokuwa mizito, Haruni na Huri waliitegemeza. Mwaka 1727, huko Herrnhut nchini Ujerumani, Wamoraviani waligawana saa za mchana na usiku ili pasiwe na saa isiyo na mwombaji, na zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Kutoka kanisa hilo walikuja wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, na Wamoraviani wa Mbeya ni wazao wa kazi hiyo. Zamu zilikuwa na busara ndani yake: kila mmoja alijua kwamba saa yake ikiisha anaruhusiwa kulala.

Nianzeje?

Chagua jambo moja au mawili, si kumi na tano. Chagua saa ambayo kweli unaiweza. Kwa wengi ni kabla nyumba haijaamka, kwa mlinzi wa usiku au muuguzi ni saa nyingine. Andika ombi katika daftari pamoja na tarehe, kwa maneno ya kweli, hata kama baadaye utayaonea aibu, kisha kila baada ya mwezi lisome na uandike upya kama limebadilika. Siku ukikosa, usilipe deni kwa kuomba mara mbili kesho yake. Endelea tu.

Je, nilipeleke jambo langu kwenye kikundi cha maombi?

Ndiyo, iwapo kikundi kinajua kutunza siri. Jambo lako ni lako kulisema, lakini ukimwi wa dada yako, deni la mumeo au mimba ya binti yako si vyako kuvitangaza kwa jina la kuomba msaada wa maombi. Inatosha kusema "kuna mgonjwa nyumbani". Viongozi nao wasiruhusu orodha ya maombi isambazwe kwa simu bila idhini ya wahusika, na wawe na desturi ya kurudi kuuliza baada ya miezi michache, faraghani, kama jambo lile bado linahitaji kuombewa au kama sasa linahitaji kuombewa kwa namna nyingine.